UFO si jina la chombo

"Unaamini UFO?" Swali hili huulizwa redioni, vijiweni, hata mezani harusini, na anayeulizwa hujibu ndiyo au hapana bila kusita. Huwa nashangaa anajibu nini hasa. Ni sawa na kumuuliza mtu kama anaamini barua isiyo na jina la mtumaji. Barua imefika, ipo mezani. Kisichojulikana ni nani kaituma.

Maana yenyewe ni fupi, tuimalize. UFO ni herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza yanayomaanisha kitu kinachoruka ambacho hakijatambuliwa. Mtu ameona kitu angani, au mwanga tu, asielewe ni nini, akaeleza, waliopokea maelezo yake wakatafuta jibu wasilipate, au hata hawajaanza kulitafuta. Ni hivyo tu. Humo hamna sayari nyingine, hamna vijitu vyenye vichwa vikubwa, hamna siri ya serikali. Neno linaeleza tunajua kiasi gani. Kuhusu kitu chenyewe halisemi lolote.

Lakini wapo wanaolitumia kana kwamba ni aina ya usafiri, kama jahazi au helikopta, yenye abiria wake wanaojulikana. Na wapo, hawa ndio wananichosha zaidi, wanaoendelea kulitumia hata pale kitu kilipokwisha kutambuliwa. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilifika, likaichukua, na kwa uchunguzi wa awali likasema ni pete inayotenganisha sehemu za roketi. Hata hivyo bado nasikia watu wakiitaja "ile UFO ya Makueni". Hairuki, iko chini. Imeshikwa kwa mikono, imepimwa. Kilichobaki kuulizwa ni roketi ya nani, na hilo ni suala la nani awajibike.

Sehemu ya lawama ni yetu tunaoandika Kiswahili. Tafsiri iliyozoeleka ni "kitu kirukacho kisichotambulika". Hebu tazama hiyo -ik-. Maandishi yasiyosomeka ni yale ambayo hata ukivaa miwani hutayasoma. Maandishi ambayo hayajasomwa yanamsubiri msomaji tu. Ukisema kitu hakitambuliki, umeshatoa hukumu kwamba hakiwezi kutambuliwa, leo wala kesho, na msikilizaji anayependa maajabu atamalizia mwenyewe: kama binadamu hawezi kukitambua, basi si cha binadamu. Kiingereza chenyewe hakikusema hivyo. Kilisema hakijatambuliwa, na -ja- ni kiambishi chenye subira. Kinaacha nafasi ya kesho.

Aliyelisambaza neno hili alilitaka liwe baridi hivyo. Kabla yake kulikuwa na neno la magazeti, "visahani vinavyoruka", nalo lilizaliwa kwa kutoelewana. Tarehe 24 Juni 1947 rubani mmoja, Kenneth Arnold, akiwa kwenye ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington, Marekani, aliona vitu tisa vinavyong'aa vikienda kwa kasi kubwa. Alipoulizwa vilikwendaje, alisema vilirukaruka kama kisahani ukikirusha juu ya maji. Watoto wa pwani wanaujua mchezo huo, wanauchezea vijiwe bapa. Arnold alikuwa anaeleza mwendo. Mchoro aliowapa wanajeshi una kitu cha mviringo kwa mbele na kilichochongoka kwa nyuma. Si kisahani hata kidogo. Magazeti yakachukua kisahani, yakaacha mwendo. Kisha watu nchi nzima wakaanza kuona visahani. Sijui kama kuna ushahidi mzuri zaidi kwamba jina linaweza kumtangulia shahidi na kumwonyesha la kuona.

Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa linapokea taarifa za mipira ya moto, mianga, sigara ndefu na vitu visivyo na umbo lolote, na haikuingia akilini kuviita vyote visahani. Kapteni Edward Ruppelt, mkuu wa kwanza wa Blue Book, mradi wa jeshi hilo wa kuchunguza taarifa hizi ulioanza mwaka 1952, ndiye aliyesukuma matumizi ya UFO. Lilikuwa neno la kuandikwa juu ya jalada, neno la karani. Hata hivyo limebeba madai mawili ambayo shahidi mara nyingi hana haki nayo. La kwanza ni kwamba kulikuwa na kitu, wakati huenda ni mwanga tu ulioakisiwa kwenye kioo cha dirisha. La pili ni kwamba kilikuwa kinaruka. Zuhura, ile sayari inayong'aa ambayo wengi huidhania chombo, hairuki.

Zuhura naitaja kwa sababu ndiyo mteja mkubwa wa watu wenye kazi hii, yaani vyama vya wapenzi wa UFO. Wengi wetu tunawafikiria kama kundi la watu wanaokaa kilimani usiku wakisubiri kuchukuliwa. Wapo wa namna hiyo. Lakini chukua MUFON, chama kilichoanzishwa tarehe 31 Mei 1969 mjini Quincy, Illinois, kwa ajili ya majimbo ya kati ya Marekani kabla hakijaenea nchi nzima na nje yake. Kina matawi, na mwanachama anayetaka kuwa mchunguzi hupewa kitabu cha mwongozo akisome, kisha afanye mtihani. Sweden kuna UFO-Sverige, cha mwaka 1970, chenye vikundi vya mitaani na wachunguzi wa kujitolea. Na mjini Norrköping kuna nyumba ya kumbukumbu za mambo haya, mojawapo ya kubwa kuliko zote duniani, yenye makabati juu ya makabati ya barua, ripoti na majarida.

Kazi ya mchunguzi wa tawi ni ya kuchosha kwelikweli. Simu inapigwa: kuna mama ameona mwanga ulioning'inia juu ya miti. Mchunguzi anataka saa, si "usiku usiku". Anataka upande, kwa dira ikiwezekana. Anamwomba anyooshe mkono, akunje ngumi, ahesabu ni ngumi ngapi kutoka kwenye upeo wa macho hadi ulipokuwa mwanga, kwa kuwa ngumi moja ya mkono ulionyooshwa ni takriban nyuzi 10. Anauliza ulionekana kwa muda gani. Hilo ndilo swali linalokata kesi nyingi, maana kimondo humaliza safari yake kwa sekunde chache, setilaiti huvuka anga kwa dakika chache, na sayari inakaa hapohapo ikizama polepole saa nzima. Ukisema mwanga "ulicheza", hakukatalii. Anajua jicho likikodolea nukta moja gizani bila kitu kingine cha kulinganisha nayo, nukta huonekana kutembea. Ukisema "ulizima taa ghafla", anafungua ratiba ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho huzunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi na hupotea ghafla kinapoingia kwenye kivuli cha dunia. Na tangu Mei 2019, mtu akisema ameona taa nyingi zimepangana mstari mmoja zikitembea kama gari moshi, swali la kwanza ni setilaiti za intaneti za Starlink zilirushwa lini.

Yaani watu hawa, wanaoitwa wapenzi wa UFO, shughuli yao kubwa ni kuzipunguza UFO. Allan Hendry, mchunguzi wa kituo kilichoanzishwa na mwanaastronomia J. Allen Hynek mwaka 1973, alifuatilia taarifa 1,307 moja moja na akapata maelezo ya kawaida kwa karibu tisa katika kila kumi. Kwenye mianga ya usiku, nyota na sayari ziliongoza, na nyuma yake zikaja ndege za matangazo, zile zilizobeba mbao za taa tumboni. Ukizitazama kwa ubavu huoni maandishi, unaona taa zinazozunguka.

Na hapa ndipo penye tofauti ambayo ningependa watu waikumbuke hata wakisahau mengine yote. Herufi tatu hizi zinatumika kwa mambo mawili. Kwanza, taarifa mbichi, ile ambayo yule mama aliipigia simu. Pili, taarifa iliyobaki baada ya kuchujwa. Hynek, aliyekuwa mshauri wa Jeshi la Anga kwa miaka mingi, alisisitiza kwamba jina la UFO lihifadhiwe kwa hiyo ya pili tu: isiyopata maelezo hata baada ya watu wenye ujuzi kuichunguza kwa makini. Hakusikilizwa. Ndiyo maana unasikia kwamba mradi wa Blue Book "ulikusanya UFO 12,618". Haukukusanya hivyo. Ulikusanya taarifa 12,618, na ulipofungwa mwaka 1969 zilizobaki bila kutambuliwa zilikuwa 701. Mtu akichukua namba ya kwanza akaipa maana ya pili, ameshajaza anga vyombo kwa kalamu.

Hata hizo 701 zisitiwe kwenye kapu moja. Wafaransa wana ofisi ya umma inayoshughulikia taarifa hizi, GEIPAN, chini ya shirika lao la anga huko Toulouse. Ilianza mwaka 1977 kwa jina la GEPAN. Wao hugawa kesi kwa herufi nne. A ni iliyotambuliwa bila shaka, B ni iliyotambuliwa kwa uwezekano mkubwa. C ni ile ambayo taarifa zake hazitoshi. D ni ile yenye taarifa za kutosha na bado haijaelezwa. Tazama C na D zilivyo mbali. Mtu anayesema "niliona kitu mwaka 1998, sikumbuki mwezi" ametuletea C, na C haina ajabu yoyote, ina upungufu. Wachuuzi wa maajabu huchukua C na kuiuza kwa bei ya D. Kwetu ipo kesi ya Februari 1951, ambapo rubani na abiria wa ndege ya East African Airways waliona kitu kirefu kinachong'aa karibu na Mlima Kilimanjaro. Imo kwenye orodha nyingi za vyama hivi na hunukuliwa kwa sauti kubwa. Kwa umri ilio nao, mimi ningeiweka C nikalala.

Kesi ninayoipenda ni ya Jimmy Carter, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, kwa sababu inaonyesha jinsi jalada linavyoishi. Mwaka 1973, akiwa gavana wa Georgia, alijaza fomu ya kikundi cha wapenzi wa UFO cha Oklahoma City. Alieleza kwamba yeye na watu kadhaa, wakisubiri mkutano wa Lions Club katika mji mdogo wa Leary, waliona mwanga upande wa magharibi, kama nyuzi 30 juu, kwa dakika kumi hadi kumi na mbili, ukibadilika rangi. Tarehe aliyoandika ilikuwa Oktoba 1969. Mchunguzi Robert Sheaffer alikwenda kwenye kumbukumbu za Lions Club akakuta mkutano ulikuwa tarehe 6 Januari 1969. Tarehe ilipokaa sawa, Zuhura nayo ikakaa sawa: ilikuwa upande huohuo, inang'aa. Wengine hawakuridhika, kwa kuwa Carter aliwahi kuwa ofisa wa jeshi la majini na anga haikuwa ngeni kwake. Miaka mingi baadaye yakaja maelezo mengine, kwamba jioni hiyohiyo roketi kutoka kambi ya Eglin, Florida, ilimwaga angani wingu la bariamu, ambalo hung'aa kwa rangi. Chagua unalotaka. Carter mwenyewe alikuwa makini kuliko wengi waliomnukuu: alisema aliona kitu asichokitambua, na kwamba hakuamini kilikuwa chombo cha viumbe wa nje.

Siku hizi serikali ya Marekani imehamia kwenye jina jipya, UAP, ambako "kitu" kimeondolewa na "tukio" kuwekwa mahali pake. Ni afadhali kidogo, kwa sababu halidai kwamba kuna kitu kigumu huko juu. Lakini kwenye taarifa za habari UAP imeanza kutamkwa kwa sauti ileile iliyotumika kwa UFO, kwa hiyo sina matumaini makubwa.

Basi mtu akikwambia "jana niliona UFO", usimcheke wala usimbishie. Huenda ametumia neno sawasawa, ameona na hakutambua. Muulize saa, upande, na kilikaa muda gani. Akisema "haikuwa ndege, ilikuwa UFO", hapo mrekebishe taratibu: ndege nayo huwa UFO, mpaka mtu aitambue.