Mbu haugui malaria: kwa wanaosema Linux haina virusi

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa sekondari aliingia hapa kibandani kwangu akiwa na uchungu wa mtu aliyesingiziwa. Kompyuta ya ofisi ya shule yao ilikuwa imevurugika siku mbili kabla ya mitihani ya majaribio, folda zote zimegeuka shotikati (alama za njia ya mkato ya kufungulia kitu), na walimu wenzake walikuwa wanamnyooshea kidole yeye kwa kuwa flashi yake ndiyo iliyochomekwa mwisho. "Fundi, niandikie hata kikaratasi niwapelekee," akaniambia. "Laptopu yangu ni Linux. Linux haina virusi. Haiwezekani ikawa mimi."

Nikachomeka flashi yake kwenye mashine yangu ya kazi, ambayo nayo ni Linux, mfumo endeshi wa bure unaotumika badala ya Windows. Ilikuwa yeye.

Nimechoka na sentensi hiyo. Naisikia kwa wanafunzi wa chuo, kwa wenye maduka, kwa vijana wanaobishana usiku kucha mtandaoni kuhusu mfumo upi ni wa wanaume na upi ni wa watoto. Sina ugomvi na Linux. Naitumia kila siku na nimewahamishia watu wengi Ubuntu na Mint, aina mbili za Linux. Lakini anayempa mtu Linux kwa ahadi ya uongo anamwacha mlango wazi huku akimwambia umefungwa, na mwisho wa yote lawama zinarudi kwangu niliyemwekea.

Nieleze kwanza kilichokuwa kwenye flashi ya mwalimu, kwa sababu ubishi wote uko humo. Kirusi kilikuwa kimezipa folda zake halisi alama mbili, ya "iliyofichwa" na ya "mfumo", basi Windows ikaacha kuzionyesha. Mahali pake kikaweka shotikati zenye majina yale yale na picha ile ile ya folda. Mwisho wa jina kuna .lnk, lakini hiyo Windows huificha, kwa hiyo huioni. Ukibofya, shotikati inaita wscript.exe, chombo cha Windows chenyewe, inaendesha skripti (orodha ya amri) iliyojificha humo humo kwenye flashi, halafu inakufungulia folda yako ya kweli usije ukashtuka. Unaikuta mitihani yako ipo, unaendelea na kazi. Skripti nayo imeshajinakili kwenye mashine, inasubiri flashi ya mtu mwingine.

Kwenye Linux zile alama mbili hazimfichi mtu kitu. Mwalimu alikuwa anaona folda zake za kweli na shotikati zikiwa bega kwa bega. Akazibofya, hazikufunguka, akaziacha. Aliniambia amekuwa akiziona kwa wiki kadhaa, akadhani ni nakala za ziada. Flashi aliitoa steshenari alikochapisha mtihani wa kidato cha pili, ikapita kwenye laptopu yake bila kuidhuru, ikafika ofisini kwenye Windows, na huko ndiko ilikozaa.

Mbu haugui malaria. Hajawahi kulazwa hata siku moja. Je, ndiyo sababu ya kulala bila chandarua?

Tiba yenyewe ni fupi: amri ya attrib -h -s -r /s /d kwenye flashi ili kuziondoa zile alama, futa .lnk zote, futa skripti, kisha uisafishe mashine iliyoambukizwa kabla hujaichomeka tena. Mafundi mnaijua.

Sasa asili ya imani hii. Wengi hudhani virusi ni maradhi ya kuzaliwa ya Windows. Novemba 1988, Linux ikiwa haijazaliwa, mnyoo ulioachiwa na mwanafunzi Robert Morris ulitambaa kwenye intaneti changa ya wakati ule ukaangusha mashine zinazokadiriwa kufika 6,000. Mashine zile zilikuwa za Unix, ukoo ambao Linux ilikuja kuufuata mwaka 1991. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ikateka kamera na ruta zinazoendeshwa na Linux kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, yapata 60. Na simu yako ya Android ina kiini cha Linux ndani yake. Ile APK (faili la kusakinisha programu) ya mikopo ya haraka uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, ukaruhusu isome meseji zako zote, uliifungulia kwenye nini?

Watu wakiishiwa hoja hapo huhamia kwenye idadi: kompyuta za mezani za Linux ni chache, wezi hawahangaiki nazo. Ni kweli kwa sehemu, na mimi mwenyewe nilikuwa naisema. Lakini kama usalama wako unatokana na kuwa wachache, basi kila mtu unayemshawishi ahamie unajipunguzia wewe na unampunguzia yeye huo usalama. Sijui kwa nini wanaohubiri hilo hawalioni.

Hoja ninayotaka kukaa nayo ni ya neno la siri, maana hii husemwa na watu wanaojua kidogo, na anayejua kidogo ni mgumu kumwelewesha kuliko asiyejua kabisa. Inasemwa hivi: "Linux ni salama kwa sababu programu haiwezi kufanya kitu bila kuniomba neno la siri."

Haiwezi kufanya kitu wapi? Neno la siri la sudo, amri ya kupata mamlaka ya msimamizi, linalinda mfumo: folda za /etc, /usr, vitu vya namna hiyo. Mfumo ukiharibika nitaurudisha kwa nusu saa, na chanzo chake kiko mtandaoni bure. Wewe una nini humo /usr? Tasnifu yako haipo humo. Picha za marehemu mama yako hazipo humo. Daftari la madeni ya duka halipo humo, wala maneno ya siri uliyoyahifadhi kwenye kivinjari. Vyote viko kwenye folda yako ya nyumbani, na programu ya kawaida unayoiendesha wewe ina mamlaka yale yale uliyonayo wewe juu ya folda hiyo. Inaweza kusoma kila faili. Inaweza kuyatuma. Inaweza kuyafunga yote kwa ufunguo usio nao na kukuachia barua ya kudai fidia. Haitaomba neno la siri hata mara moja, kwa sababu kwa mfumo ni wewe unayefanya hayo.

Utaniambia ukizima na kuwasha itakuwa imekufa. Haitakufa. Ikijiandika ndani ya faili la .bashrc au kwenye folda ya ~/.config/autostart, itaamka nawe unapoingia au unapofungua dirisha la amri, na vyote hivyo ni vyako, havihitaji ruhusa ya msimamizi. Na kama bado unatumia X11, mfumo wa madirisha ulioanza mwaka 1987, programu moja inaweza kusikiliza unachobonyeza kwenye programu nyingine, pamoja na hilo neno lako la siri la sudo. Wayland, mrithi wake, imeziba tundu hilo, lakini mashine kuukuu ninazoziona bado ziko kwenye X11.

Halafu huo ubishi wenyewe umepitwa na wakati. "Linux inaomba ruhusa, Windows haiombi" ilikuwa hoja nzuri enzi za Windows XP. Windows ilianza kuomba ruhusa kwenye toleo la Vista, mwaka 2007. Tabia ya flashi kujiendesha yenyewe ikichomekwa ilikoma kwenye Windows 7, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuizima hata kwenye XP na Vista. Ndiyo maana virusi vya siku hizi vinakuhitaji ubofye shotikati wewe mwenyewe. Watu wanapigana na mfumo uliozikwa zamani.

Tofauti ya kweli iko kwingine: programu zinatoka wapi. Kwenye Ubuntu au Mint unachukua programu kwenye ghala moja, zimetiwa saini, na zote zinasasishwa kwa pamoja. Kwenye Windows mtu anaandika "download" kwenye Google na kubofya kiungo cha kwanza, chenye vitufe vitatu vya kijani. Hiyo ndiyo faida kubwa ya Linux, na ndiyo faida ambayo watu huitupa siku ya pili tu. Wanapata tatizo la wifi, wanakuta mtu asiyejulikana ameandika curl ikifuatiwa na anwani ndefu, kisha | sudo bash, yaani pakua skripti hii uiendeshe papo hapo kwa mamlaka yote, wananakili, wanabandika, wanaingiza neno la siri. Hapo umemkabidhi mgeni nyumba yote na hati ya kiwanja. Hata Linux yenyewe uwe macho unapoipakua: Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilidukuliwa, na waliopakua toleo la 17.3 Cinnamon kupitia viungo vile vilivyochezewa walipewa Mint yenye mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mdukuzi kuingilia.

Mafundi wenzangu hawatapenda ninalosema sasa. Windows nyingi ninazozipokea zikiwa zimejaa uchafu hazikuumwa kwa sababu ni Windows. Ziliumizwa siku zilipopigwa Windows, yaani kusakinishwa. Fundi anaweka Windows isiyo na leseni, kisha anatafuta kile kiprogramu cha kuiaktiveti, na maelekezo yake ya kwanza ni "zima Defender". Anaizima. Defender ni kinga iliyomo ndani ya Windows yenyewe tangu Windows 8, haina gharama, na kwa matumizi ya kawaida inatosha. Halafu anazima na masasisho, kwa sababu yanakula bando na mteja atalalamika. Mlinzi amefungwa kamba, mlango umeachwa wazi, kisha tunasema mtaa huu una wezi.

WannaCry, kirusi cha kudai fidia, ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kuzifunga hata kompyuta za hospitali za Uingereza, kiraka cha tundu ililopitia, yaani sasisho la kuliziba, kilikuwa kimetolewa tangu Machi, miezi miwili kabla. Na walioumia zaidi hawakuwa wenye XP, kama inavyosimuliwa. Sehemu kubwa zilikuwa Windows 7, ambazo zilikuwa na haki ya kukipata hicho kiraka.

Nami niliwahi kupiga Windows za namna hiyo, miaka yangu ya mwanzo. Mwanafunzi anakuja na laptopu ya mtumba aliyochangiwa na ukoo mzima, utamwambia akanunue leseni kwa pesa gani? Bado sina jibu ninaloridhika nalo. Ninachofanya sasa ni kumweleza wazi, na kukataa kuzima Defender. Wengine huondoka kwenda kwa fundi wa jirani.

Na hapa ndipo ninapoipendekeza Linux kwa moyo wote. Windows 10 iliachiwa mkono na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kuendelea. Mitumba tunayoiuza hapa imejaa kizazi cha nne, cha tano na cha sita. Mashine hizo zina nguvu za kutosha kuandika mitihani na kuweka hesabu, lakini njia halali ya kupata viraka bila malipo inazidi kufungwa. Mint itaziendesha vizuri na itazipa viraka kwa miaka. Weka Linux kwa sababu hiyo. Ni sababu nzito na ya kweli, haihitaji kutiwa chumvi.

Kuna mambo ambayo hata mimi hayajanikaa sawa. Nikisafisha mashine bila kufomati, siwezi kukuapia kwamba imesafika. Naweza kusema tu kwamba nilichokijua kutafuta sikukiona. Nilikuwa nawaambia watu kwamba Linux haihitaji kabisa kinga ya virusi. Sasa naweka ClamAV, programu ya kukagua virusi, kwenye mashine zinazobadilishana flashi na Windows, kwa ajili ya majirani zake, na najua fika kwamba skripti nyingi mpya zinaipita bila kukamatwa.

Na lipo la xz, programu ya kubana faili iliyomo kwenye Linux nyingi. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi Microsoft, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yalikuwa yamepandikizwa mlango wa nyuma. Aliyeupandikiza, kwa jina la bandia Jia Tan, alikuwa amejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili, akitoa msaada wa kweli kwa mtunzaji aliyekuwa amechoka. Freund hakuwa anatafuta virusi. Alishangaa kwa nini kuingia kwa ssh, yaani kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kunachelewa kwa nusu sekunde. Tunapenda kusema chanzo huria kina macho mengi. Siku ile lilikuwa jicho moja, na lilikuwa linaangalia saa. Naamini bado kwamba chanzo kikiwa wazi ni afadhali, kwa sababu kisingekuwa wazi hata jicho hilo lisingeona kitu. Lakini siwezi tena kulisema kwa sauti niliyokuwa nayo kabla ya hapo.

Kikaratasi mwalimu nilimwandikia. Niliandika kwamba flashi yake ilitoka steshenari ikiwa na kirusi na ndiyo iliyokifikisha ofisini, na kwamba kompyuta ya ofisi ilikuwa imezimwa Defender tangu siku ilipopigwa Windows, kwa hiyo flashi ya mwalimu yeyote ingefanya vilevile. Nikapiga muhuri wa kibanda. Alikisoma mara mbili, akaniuliza kama sentensi ya kwanza ni lazima ibaki.

Nikamwambia, "Ndiyo, mwalimu. Ni lazima."