Kuunganisha kurasa za bidhaa hakuunganishi stoku

Wauzaji wengi wa mtandaoni hapa Dodoma huamini kwamba ukiweka mafuta ya alizeti ya lita 1, lita 5 na dumu la lita 20 kwenye ukurasa mmoja wa duka, bei na stoku navyo vinakuwa kitu kimoja. Sivyo. Kinachoungana ni ukurasa anaouona mteja. Nyuma yake, kila ujazo hubaki na namba yake ya stoku (msimbo wa kuutambulisha, si idadi), bei yake, picha yake na idadi yake ghalani. Madumu yakiisha, linafungwa chaguo la dumu tu. Lita 5 inaendelea kuuzwa.

Hesabu machaguo mapema. Ujazo 3 mara aina 2, yaliyochujwa na yasiyochujwa, ni machaguo 6, na kila moja linataka namba yake. Hapa ndipo watu huharibu kweli: wananakili namba moja kote, kisha oda ya lita 1 inapunguza madumu.

Kurasa za zamani usizifute hivi hivi. Zielekeze kwenye ukurasa mpya, maana viungo vya kurasa hizo za zamani vimeshasambaa WhatsApp na Google.

Na asali ya Manyoni? Hiyo ni bidhaa nyingine kabisa. Iache kwenye ukurasa wake.