Je, wajua kwa nini Bunge la Norwei linaitwa Stortinget?

Ukifungua kamusi ya Kinorwei utakuta *stor* ni kubwa, *ting* ni kitu. Wengi huishia hapo na kuondoka na "Kitu Kikubwa". Kosa liko kwenye ngeli. Kinorwei kina *ting* mbili: *en ting* ni kitu, *et ting* ni baraza. Jina la Bunge limetokana na hiyo ya pili, na *-et* ya mwishoni huonyesha kwamba linatajwa baraza mahususi. Kwa hiyo maana yake ni Baraza Kuu. Wenyewe hutamka karibu na "stutinge"; t ya mwisho haisikiki.

Hata hivyo, *ting* hizo zina shina moja. Katika lugha ya kale ya Skandinavia neno hilo lilikuwa mkutano wa watu huru waliotunga sheria na kuamua kesi. Jina la mkutano likahamia kwenye jambo linalojadiliwa, kisha kwenye jambo lolote, hatimaye hata kitu cha kushika mkononi. *Thing* ya Kiingereza na *Ding* ya Kijerumani zilipita njia hiyohiyo. Sisi tunayo *shauri*: ni ushauri, ni kesi, na ni jambo tu, kama tunavyosema "hilo ni shauri lako".

Kabla ya Bunge la taifa palikuwa na mabaraza ya kanda: Gulating pwani ya magharibi, Frostating upande wa Trøndelag, Eidsivating bara, Borgarting kusini-mashariki. Katiba ya 17 Mei 1814, iliyoandikwa Eidsvoll, ililirudisha neno hilo la kale na kulitangulizia *stor*, kwa kuwa baraza hili lilikuwa la nchi nzima. Waliochaguliwa waligawanyika wenyewe katika sehemu mbili za Bunge: robo wakaunda Lagting, waliobaki Odelsting. Mgawanyo huo ulikoma mwaka 2009, na leo wabunge 169 hukaa pamoja.

Kazi ya kuhukumu nayo haikupotea kwenye neno. *Tingrett* ni mahakama ya ngazi ya kwanza, na Gulating na Frostating sasa ni majina ya mahakama za rufaa. Hapo ndipo wageni hujichanganya. Ukipata barua ya kukuita *tinghus* jijini Oslo, usiende Karl Johans gate kwenye jengo la Bunge, umeitwa mahakamani.