Kibra si mabati matupu

Mwambie mtu kwamba unaishi Kibra uone macho yake yanavyoshuka hadi kwenye viatu vyako, kutafuta matope. Hajui kwamba eneo bunge hilo la Nairobi, lililomegwa kutoka Lang'ata na kupiga kura mara ya kwanza mwaka 2013, lina wadi 5. Mojawapo ni Woodley/Kenyatta Golf Course, yenye nyumba za mawe, ua wa michongoma na magari yaliyoegeshwa ndani ya geti.

"Kibra ina watu milioni moja." Kati ya dhana potofu kuhusu Kibra, hii ndiyo sugu kuliko zote. Imeandikwa na mashirika na kurudiwa na wanasiasa mpaka kuipinga kunaonekana kama utovu wa adabu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera, yaani mtaa wa mabanda ulio ndani ya Kibra. Ile ya 2019 ilipata 185,777 katika kaunti ndogo nzima ya Kibra, Woodley ikiwemo. Tuseme makarani waliruka milango, na vichochoroni humo ni rahisi kuiruka. Bado milioni haifikiki. Nashuku tarakimu hiyo haifi kwa sababu ni tamu kwenye barua ya kuomba ufadhili.

"Ni kwa kabila moja." Pita Makina, mojawapo ya wadi zetu, Ijumaa adhuhuri watu wakienda msikitini, halafu uniambie. Waliotangulia hapa ni Wanubi, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, wenye asili ya Sudan na jamaa zao, waliopewa makao mwanzoni mwa karne ya 20. Ndio waliopaita Kibra, yaani msitu. Mkoloni aliwatengea zaidi ya ekari 4,000. Mwaka 2017 walikabidhiwa hati miliki ya jamii ya ekari 288. Sehemu ya zile nyingine ndiyo iliyojengwa mitaa ya watu wa mishahara, kama Jamhuri.

"Anayepokea kodi ndiye mwenye ardhi." La. Kwenye vijiji vya mabanda, ardhi kubwa ni ya serikali. Anayekuja kuchukua kodi ana kuta za udongo na paa la mabati tu. Wengi waliruhusiwa kujenga na chifu, kwa mdomo, na wengi hawalali humo. Ukishajua hilo, utaelewa kwa nini vyoo ni vichache: choo kimoja kinameza nafasi ya chumba ambacho kingepangishwa, na mwenye banda asiye na hati haoni sababu ya kuwekeza mahali anapoweza kufurushwa kesho. Julai 2018 matingatinga yalipobomoa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, mpangaji alibaki na godoro lake kando ya vumbi.

"Mbunge ametutupa, tazama takataka." Hapa mbunge anaonewa kidogo. Chini ya Katiba ya 2010, taka na maji ni kazi ya kaunti, kwa hiyo wa kusumbuliwa ni gavana na mwakilishi wadi. Pesa za maendeleo ya eneo bunge huenda zaidi kwenye madarasa na basari. Lakini msimu wa kampeni ukifika, mgombea ubunge hupanda juu ya gari na kuahidi maji ya mfereji kila ploti. Watu hupiga makofi, mitungi yao ya lita 20 ikiwa miguuni.