Usiposti faili la kadi, posti kadi

Nimeulizwa tena, na mtu aliyeanza biashara ya kadi za salamu: "Mbona posti zangu zinashewa sana lakini haagizi mtu?" Nikafungua akaunti yake. Kila picha ilikuwa lile lile faili alilopeleka kuchapwa: limenyooka, herufi kali, rangi zinawaka. Kinachomponza yeye na wenzake wengi ni kuamini kwamba kadi ni mchoro, basi ukiuonyesha mchoro vizuri umeonyesha bidhaa.

Hujaionyesha. Umeigawa bure! Mchoro bapa wenye "Heri ya siku ya kuzaliwa", ukijaza skrini ya simu, ni kadi iliyokamilika. Mtu anapiga skrinishoti, anamtumia dada yake WhatsApp, kwisha kazi. Sasa anunue nini? Wengine hukimbilia kutandaza jina la biashara katikati ya picha. Anayetaka cha bure haimzuii, ataituma hivyo hivyo. Anayechukia ni yule aliyekuwa tayari kulipa.

Kinachouzwa ni kile ambacho simu haiwezi kutuma: karatasi. Piga picha kadi yenyewe, imesimama nusu wazi, mkunjo uonekane, unene wa karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba uonekane ukingoni, kivuli kianguke mezani. Weka bahasha au mkono kando yake, la sivyo hakuna atakayejua ukubwa. A5 iliyokunjwa kuwa A6 na kikadi cha kufunga kwenye zawadi, vikiwa faili, havina tofauti. Maandishi yaliyoinuliwa hupotea ukiyamulika kwa mbele, kwa hiyo taa ikae ubavuni, karibu na usawa wa meza. Dhahabu ya kubandika, ule utando unaong'aa juu ya kadi, ndiyo inayoonewa zaidi: kwenye faili ni njano iliyochafuka, na kwenye picha mnato mara nyingi hutoka nyeusi au kahawia. Hiyo ichukulie video ya sekunde chache, kadi ikigeuzwa taratibu karibu na dirisha. Halafu rangi. Skrini hutoa mwanga, wino hautoi, hivyo ile waridi inayowaka kwenye faili haitatoka vile kwenye karatasi. Ukipiga picha kadi iliyokwisha kuchapwa, mteja hatakugombeza kwamba umempelekea kitu kingine.

Vipimo, haraka: Pinterest wima, pikseli 1000 kwa 1500, Instagram 1080 kwa 1350. Pinterest watu hutafuta kwa maneno, basi taja tukio na mpokeaji: "kadi ya kumpongeza mwalimu anayestaafu", si "mzigo mpya huu hapa". Pini, yaani posti ya Pinterest, hubeba kiungo cha duka, ilhali kiungo ukikiandika chini ya picha ya Instagram hakibonyezeki. Kadi za Krismasi zianze kuonekana miezi miwili mitatu kabla, maana mnunuzi wa karatasi anahesabu na siku za posta.

Sitakuficha: picha za namna hii kwangu hupata laiki chache kuliko mchoro bapa. Na maneno ya ndani bado yananitatiza. Ukiyaonyesha, mnunuzi anajua anachokilipia, lakini umeshayatoa bure. Kwa rambirambi nayaonyesha yote, kwa kuwa hakuna anayetaka kubahatisha maneno ya kumpelekea mfiwa. Kwa kadi za utani, ambazo kichekesho chake kiko ndani, nayaficha, huku nikijua wapo wateja ninaowapoteza.