Skripti yenye nohup haijawa huduma

Kila nikiitwa kuangalia seva iliyokaa imezimika usiku kucha bila mtu kujua, huuliza kwanza programu inaendeshwaje. Jibu ni lile lile: "Tumeshaiweka kama huduma, kuna skripti ya start.sh." Nikiifungua skripti nakuta mstari mmoja:

nohup java -jar app.jar &

Nimechoka kuuona mstari huu kwenye seva zinazobeba kazi za watu. Tuuchambue.

Dhana: "Tukitumia nohup na &, programu imekuwa huduma"

Alama ya & inaiambia sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika, isingoje amri imalizike. Nayo nohup inaufanya mchakato, yaani programu ikiwa inaendeshwa, uipuuze ishara ya HUP, ile nambari 1 inayotumwa terminali inapofungwa. Kama matokeo yalikuwa yakienda kwenye terminali, yanahamishiwa kwenye faili la nohup.out. Ni hayo tu. Hakuna yeyote aliyekabidhiwa kazi ya kuutazama mchakato huo.

Wengine hunijibu kwamba mchakato nambari 1, ule wa kwanza kabisa kuwashwa mashine inapoanza, unautazama. Ni kweli kwamba sheli ikiondoka mchakato hubaki yatima, na kwa kawaida nambari 1 ndiye huurithi. Lakini mrithi huyo hupokea taarifa ya kifo na kuufuta mchakato kwenye orodha, basi. Hajui uliwashwa kwa amri gani, kutoka saraka ipi, kwa mtumiaji yupi, wala hana agizo la kuuwasha tena. Memori ikiisha na kerneli, kiini cha mfumo, ikaamua kuua mchakato mmoja ili mashine ipone, programu yako imekwisha. Mashine ikiwashwa upya baada ya masasisho, imekwisha. Na wakati bado iko hai, nohup.out inazidi kunenepa kwa sababu hakuna anayeizungusha, mpaka diski ijae na hifadhidata iliyo kwenye diski hiyo hiyo nayo ishindwe kuandika.

"Lakini imekaa miezi mingi bila kusumbua." Hongera kwa waliouandika msimbo. Hilo linaonyesha kwamba programu ni imara; halisemi lolote juu ya kitakachotokea siku ikianguka.

Kinachonisikitisha zaidi ni viraka vinavyofuata. Badala ya kuuacha mstari ule, watu huujengea ukuta. Wanaanza kwa kuongeza kitanzi cha while true kuizunguka amri. Sasa kitanzi chenyewe kinahitaji mlinzi, na faili la mipangilio likiwa na kosa, programu inaanguka na kuwashwa mfululizo bila pumziko, ikijaza logi kwa kosa lile lile. Kisha wanaweka kazi ya cron, kile kiendesha-amri cha ratiba, inayopitia kila dakika kwa ps aux | grep app: orodhesha michakato, tafuta jina la app. Mara nyingi grep hujikuta yenyewe kwenye orodha, kwa hiyo skripti inaona programu iko hai hata ikiwa imekufa tangu jana. Wakigundua hilo wanahamia kwenye faili la PID, linaloihifadhi nambari ya mchakato. Umeme ukikatika, faili linabaki na nambari ya zamani. Mashine ikirudi, nambari ile inaweza kuwa imepewa mchakato mwingine kabisa. Hapo skripti itasema "tayari inafanya kazi" na kukataa kuwasha, au stop.sh itaua mchakato usiohusika.

Kila kiraka hapo ni jaribio la kuandika upya kitu ambacho tayari kipo kwenye mashine. Kitu hicho ni systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux; ilianza 2010. Fedora iliifanya chaguo-msingi mwaka 2011, Red Hat Enterprise Linux 7 ikafuata 2014, Debian 8 na Ubuntu 15.04 mwaka 2015. Sioni tena sababu ya kuiita "ile njia mpya ngumu." Hili ndilo faili lote, unaliweka kwenye /etc/systemd/system/app.service:

[Unit]
Description=Programu ya maombi
Wants=network-online.target
After=network-online.target
StartLimitIntervalSec=300
StartLimitBurst=5

[Service]
User=app
WorkingDirectory=/opt/app
ExecStart=/usr/bin/java -jar /opt/app/app.jar
Restart=on-failure
RestartSec=5
SuccessExitStatus=143

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Systemd ndiyo inayouzaa mchakato, kwa hiyo inajua ukifa, umekufaje, na nini kifanyike. Michakato yote inayozaliwa humo inawekwa kwenye kundi moja la kerneli, hivyo hakuna haja ya faili la PID. Logi zinakwenda kwenye jarida la mfumo, nawe unazisoma kwa journalctl -u app -f.

Mistari miwili ya StartLimit nimeiweka kwa makusudi. Kikomo cha kawaida ni mara 5 ndani ya sekunde 10, lakini ukiweka RestartSec=5 kikomo hicho hakifikiwi kamwe, na programu mbovu itawashwa bila mwisho. Nayo 143 ni 128 kuongeza 15: ndiyo nambari ambayo Java hutoka nayo ikipokea ishara ya TERM, yaani ikizimwa kwa heshima. Usipoitaja, kila ukiizima kwa amri ya stop itaorodheshwa kama iliyoshindwa.

Dhana: "Basi tutaiita start.sh ile ile kutoka systemd"

Hapa ndipo wengi hukwama, halafu lawama inaangukia systemd. Skripti yenye nohup na & inawasha programu kisha yenyewe inamalizika papo hapo. Systemd, kwa aina ya kawaida ya simple, inaona mchakato mkuu umeisha, inahesabu huduma imekamilika, na inafagia vyote vilivyobaki kwenye kundi. Mtu anaona programu imewaka sekunde moja ikafa. Akibadili kuwa Type=forking huku programu yenyewe haijitengi, systemctl start itakaa ikingoja sekunde 90 kisha iiue. Ondoa nohup, ondoa &, acha programu iende mbele. Kukaa nyuma ni kazi ya systemd.

Kama skripti inahitajika kweli, labda kuna vigeu vya mazingira vya kuandaa, basi mstari wa mwisho uanze na exec, ili programu ichukue nafasi ya sheli. Hili nalisisitiza kwa kila ninayemfundisha. Nimeona skripti nyingi zinazomalizia na echo "imezimika". Echo hiyo inafaulu, skripti inatoka na 0, systemd inaamini mambo yalikwenda sawa, na Restart=on-failure haigutuki.

Dhana: "Ikifanya kazi nikiiendesha kwa mkono, itafanya kazi popote"

Ukiwa umeingia kwa jina lako, .bashrc yako, faili la mipangilio ya sheli, imekuandalia mengi. Huduma haisomi .bashrc. Node uliyoisakinisha kwa nvm, kisimamizi cha matoleo yake, haitaonekana, na saraka ya kuanzia ni / na si nyumbani kwako. Andika njia kamili za mafaili na utaje WorkingDirectory. Ukiona 203/EXEC kwenye systemctl status, faili la kuendesha halipo pale ulipoandika au halina ruhusa ya kuendeshwa.

Dhana: "Tunatumia tmux, kwa hiyo tuko salama"

Tmux na screen ni vifaa vizuri vya mtu anayefanya kazi kwenye terminali: vinaendelea kuendesha kazi yako hata ukijitenga na terminali. Mashine ikiwashwa upya vinakwenda na kila kilichomo. Na pale ambapo logind, sehemu ya systemd inayosimamia kuingia na kutoka kwa watumiaji, imewekewa KillUserProcesses=yes, kutoka tu kunatosha kuviua.

Dhana: "Nimeandika systemctl start, imekwisha"

Start inawasha sasa. Enable ndiyo inayoiagiza iwake mashine inapoanza. Andika systemctl enable --now app upate yote mawili. Na kila ukihariri faili la huduma, endesha systemctl daemon-reload kabla ya kuiwasha upya, la sivyo unajaribu mipangilio ya zamani.

Dhana: "Lazima iwe root kwa sababu ya poti 80"

Hapana, si lazima iendeshwe kwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE inampa mtumiaji wa kawaida ruhusa hiyo moja tu ya poti zilizo chini ya 1024. Programu inayopokea maombi kutoka intaneti haipaswi kuwa na mamlaka ya kufuta mashine nzima.

Dhana: "Restart haifanyi kazi, nimeijaribu"

Nauliza: uliijaribuje? "Niliiua kwa kill." Amri ya kill bila nambari hutuma TERM, na kwa on-failure kifo cha TERM huhesabiwa kuwa safi, sawa na HUP, INT na PIPE. Systemd imefanya ulichoiagiza. Kuiga ajali, tumia systemctl kill -s KILL app huku umefungua journalctl kwenye dirisha la pili, uone ikirudi baada ya sekunde 5. Kisha iwashe mashine upya, usiingie ndani yake kabisa, na uiite programu kutoka mashine nyingine. Fanya hivyo mchana, watu wote wakiwa kazini, kabla hujamwambia mteja kwamba huduma iko tayari.