Truman, viwanda vya chuma na mipaka ya rais

Kila ninapoanza kufundisha Katiba ya Marekani, wanafunzi huniuliza swali lile lile: kati ya Rais, Kongresi (yaani bunge) na Mahakama ya Juu, mkubwa ni nani? Sijibu papo hapo. Nawapa kesi ya mwaka 1952 na kuwaambia waisome polepole.

Aprili mwaka huo Marekani ilikuwa vitani Korea. Wafanyakazi wa viwanda vya chuma walidai nyongeza ya mishahara, wenye viwanda wakagoma kuitoa bila kupandisha bei ya chuma, na mgomo ulikuwa uanze tarehe 9. Usiku wa tarehe 8, Rais Harry Truman akatia saini amri: Waziri wa Biashara, Charles Sawyer, avichukue viwanda na kuviendesha kwa niaba ya serikali. Bila chuma hakuna silaha, alisema, na yeye ndiye amiri jeshi mkuu.

Hoja hiyo ina uzito. Vijana walikuwa wanakufa. Lakini ifungue Katiba yenyewe, iliyotiwa saini Philadelphia tarehe 17 Septemba 1787. Haianzi na rais. Ibara ya kwanza, ambayo ni ndefu kuliko zote, ni ya Kongresi: kutunga sheria, kutoza kodi, kutangaza vita, kuunda jeshi na kuligharimia. Rais anakuja katika ibara ya pili, naye anaagizwa ahakikishe sheria zinatekelezwa kwa uaminifu. Sasa utatekelezaje sheria ambayo haijatungwa? (Katiba hiyo hiyo ilihesabu watumwa kwa sehemu tatu katika tano wakati wa kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi. Hilo siliruki darasani hata siku moja.)

Kwa migogoro ya kazi, Kongresi ilishasema neno lake. Mwaka 1947 ilitunga sheria ya Taft-Hartley, inayomruhusu rais kuomba mahakama isimamishe mgomo kwa siku 80. Katika mjadala lilitolewa pendekezo kwamba serikali iruhusiwe pia kutwaa viwanda, likakataliwa. Truman aliipinga sheria yote kwa kura ya turufu, lakini mabaraza yote mawili ya Kongresi yakaipitisha tena kwa zaidi ya theluthi mbili. Miaka mitano baadaye akaiacha pembeni njia hiyo ya kwenda mahakamani, akisema wafanyakazi walishaahirisha mgomo kwa hiari yao kwa zaidi ya siku 80, akafanya lile ambalo Kongresi ilikuwa imelikataa.

Kampuni zikashtaki. Tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 6 kwa 3, kwamba rais hakuwa na mamlaka hayo. Majaji wote 9 walikuwa wameteuliwa na Roosevelt, rais aliyemtangulia Truman, au na Truman mwenyewe. Kati ya wanne wa Truman, wawili walimpinga, na mmoja wao, Tom Clark, alikuwa mwanasheria mkuu wake kabla ya kuwa jaji. Rais akishamteua jaji na Seneti ikamthibitisha, hawezi kumfukuza wala kumpunguzia mshahara. Hapo ndipo utaona kwa nini vifungu hivyo viliwekwa kwenye Katiba.

Maoni ninayoyapenda zaidi ni ya Jaji Robert Jackson. Rais akitenda kwa idhini ya Kongresi, alisema, nguvu zake ziko kileleni. Kongresi ikiwa kimya, anatembea mahali ambapo mipaka haionekani vizuri. Akienda kinyume na matakwa ya Kongresi, nguvu zinashuka hadi chini kabisa, anabaki na zile tu alizopewa na Katiba, tena ukiondoa kwanza zilizo za Kongresi. Truman alikuwa kwenye ngazi hiyo ya mwisho. Na mwandishi wa maneno hayo ndiye aliyekuwa mwanasheria mkuu wa Roosevelt mwaka 1941, akitetea serikali kutwaa kiwanda cha ndege kilichogoma California. Alijua vizuri ikulu hufikiri vipi mambo yanapobana.

Mahakama haina jeshi wala hazina ya fedha. Hata hivyo siku ile ile ya hukumu Truman alimwagiza Sawyer arudishe viwanda kwa wenyewe. Wafanyakazi wakagoma siku 53, na huko Korea vita vikaendelea.